Nati Imegoma, Bolti Imekatika: Tufanye Nini?



Katika mvua za masika kijana mmoja wa huku kwetu Kamachumu alipata pancha ya tairi la nyuma la pikipiki yake. Pancha si jambo la ajabu kwa mtu anayepanda na kushuka kila siku barabara ya Muhutwe. Kuziba pancha ni kazi ya nusu saa. Lakini kijana huyu alikaa siku tatu bila kubeba abiria hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu ya nati moja.

Nati ya ekseli ilikuwa imeshikwa na kutu. Kijana alichukua spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi huiita spana malaya. Spana ikateleza, ikala pembe za nati. Akaongeza bomba refu, akavuta kwa nguvu zote. Nati ikazunguka, kumbe inazunguka pamoja na ekseli yenyewe! Alipofanikiwa kuitoa nati, ekseli nayo ikagoma kutoka. Basi akashika nyundo, akaigonga ncha ya ekseli. Akagonga, akagonga. Ncha ikatanuka kama uyoga, na meno yake yakafa.

Siku ya tatu alikuja kwangu anasukuma. Akasema, "Waitu mzee, sasa haiendi mbele wala hairudi nyuma."

Pikipiki ile ni ya mkataba. Kila wiki lazima apeleke hesabu kwa mwenye mali, mvua inyeshe isinyeshe. Siku tatu za kukaa ni deni. Tena ilibidi anunue ekseli mpya. Yote hayo yalitokana na pupa ya saa moja. Ekseli hiyo tutairudia baadaye. Kwanza tujifunze kazi yenyewe.

KWA NINI NATI HUKWAMA?

Adui wa kwanza ni kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinashikana na oksijeni iliyo katika hewa, kinageuka kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoifanya, mara mbili au zaidi. Sasa fikiri: kati ya bolti na nati kuna nafasi ndogo sana, nyembamba kuliko karatasi. Kutu ikijaa mle, inabana kama kabari. Ndiyo maana nati iliyokuwa laini mwaka jana, leo haisogei. Nasi tunaishi upande wa ziwa, mahali penye mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Maji, matope na vumbi vinaingia kila pembe ya chombo.

Hapa niseme neno la pembeni. Sisi watu wa Buhaya hatuna ugeni na chuma. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kuhusu matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma katika nchi yetu hii ya magharibi mwa ziwa. Wahunzi waliyatumia miaka kati ya 1500 na 2000 iliyopita. Wazee wetu walichukua mawe yenye chuma kilichoshikana na oksijeni, wakatumia mkaa na mifuo kuitoa oksijeni hiyo. Kutu ni safari ya kurudi: chuma kinarudi kuwa kama lile jiwe lake la zamani. Kwa hiyo ukiona kutu kwenye bolti, ujue kuna chuma kilichopungua. Bolti hiyo haina nguvu yake ya zamani. Ukiivuta kwa nguvu za bolti mpya, itakatika.

Sababu nyingine ni bolti ya chuma kufungwa ndani ya alumini, kama ilivyo kwenye injini nyingi za pikipiki. Madini haya mawili yakikutana na maji huungana vibaya, na unga mweupe hujaa kwenye meno. Kisha wako watu wanaokaza mno. Fundi anaruka juu ya spana, halafu anayefungua ndiye anayepata taabu.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Jiulize: inafunguka upande gani? Ukiitazama nati uso kwa uso, nyingi hufunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Lakini ukilala chini ya gari na kuitazama bolti kutoka nyuma yake, akili huchanganyika kwa urahisi. Nimeona watu wazima wakikaza kwa jasho jingi wakidhani wanafungua.

Tena ziko nati za kinyume. Pedeli ya kushoto ya baiskeli ina meno ya kinyume. Hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ili usisahau, weka spana isimame juu ya pedeli, halafu ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pedeli zote mbili, ya kulia na ya kushoto, hufunguka hivyo. Baadhi ya malori ya zamani nayo yana nati za kinyume kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Tazama ncha ya stadi: mara nyingi imeandikwa herufi L.

Halafu safisha. Chukua brashi ya waya, toa matope na kutu kwenye meno yote yanayoonekana nje. Watu wengi huiruka kazi hii. Meno ya nje yakiwa na kutu, nati ikianza kutembea itaikokota kutu ile na kukwama tena katikati ya safari. Hapo ndipo bolti nyingi hukatika.

MAFUTA NA SUBIRA

Sasa tia mafuta. Grisi haifai, kwa sababu ni nzito, haiingii ndani. Tunataka mafuta mepesi yanayopenya. Madukani yako ya makopo ya kupuliza. Yakikosekana, changanya mafuta ya taa na oili ya injini, nusu kwa nusu. Dizeli nayo hupenya. Petroli usitumie, ni hatari ya moto.

Tia matone machache mahali nati inapokutana na bolti. Kisha igonge kidogo kidogo kwa nyundo, pande zote. Mtikisiko hufungua vijinjia ndani ya kutu, mafuta yakapita. Halafu acha. Rudi baada ya saa moja, tia tena, gonga tena. Ikiwa bolti ni ngumu kweli, tia jioni, tia asubuhi, ufungue mchana. Najua mwenye pikipiki amesimama pale anakutazama na abiria wanapiga simu. Mwambie akanywe chai. Kungoja hadi kesho kutwa ni afadhali kuliko kukata stadi ya silinda.

Wengine humwaga soda kwenye nati. Soda ina asidi, lakini ni hafifu, na sukari yake hunata. Afadhali uinywe. Siki au maji ya limau yanafaa kwa vitu vidogo ambavyo tayari vimetolewa: viloweke usiku kucha, asubuhi sugua kwa brashi, osha kwa maji, kausha, paka mafuta. Na ukoga wa kwenye vichwa vya betri ni kitu kingine kabisa: ondoa nyaya, kisha mwagia maji ya moto yenye magadi, ila yasiingie ndani ya betri.

SPANA IPI?

Spana nambari 13 haimaanishi bolti ya milimita 13. Nambari hiyo ni upana wa kichwa, kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa pili. Bolti yenyewe inayotumia spana 13 kwa kawaida ina unene wa milimita 8. Vyombo vingi vya Kijapani hutumia spana 12 kwa bolti hiyo hiyo ya 8. Kwa hiyo usikisie. Jaribu spana mpaka uipate ile inayokaa bila kucheza.

Usichanganye spana za inchi na za milimita. Spana ya nusu inchi ni milimita 12.7. Unaweza kudhani ndiyo 13, lakini haiingii kwenye kichwa cha 13, na kwenye kichwa cha 12 inacheza na kula pembe.

Kwa nati iliyogoma tumia spana ringi, tena yenye pembe sita ukiipata. Ringi hushika pembe zote. Spana ya mdomo hushika mbili tu. Spana malaya iwe ya mwisho kabisa, na plaizi isiguse nati kamwe. Kama bolti imepita tundu hadi upande wa pili, au ni ekseli, shika upande wa pili kwa spana nyingine. Hilo ndilo kosa la kwanza la kijana wetu.

Bomba la kurefusha spana linasaidia. Spana ya sentimita 30 ukiirefusha mpaka 60, nguvu ya kuzungusha inakuwa mara mbili kwa mkono ule ule. Lakini bolti haijui kama wewe umevuta kidogo. Yenyewe inapata nguvu yote. Sikiliza kwa mkono. Nati inayofunguka hutoa mlio mkali, "kraak", kisha inalegea. Bolti inayotaka kukatika haitoi mlio. Inazunguka polepole, laini, kama unazungusha mpira. Ukihisi ulaini huo, simama! Rudisha kidogo upande wa kukaza, tia mafuta, fungua robo, rudisha, fungua tena. Mbele na nyuma, mbele na nyuma. Pole pole kutu inasagika na kutoka.

Mara nyingine ukianza kwa kukaza kidogo tu, kutu inavunjika, kisha nati inafunguka.

MOTO

Mafuta yakishindwa, moto husaidia. Chuma kikipata joto hutanuka. Nati ikitanuka, tundu lake nalo hupanuka. Kwa hiyo pasha nati, si bolti. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana bolti ya chuma iliyo ndani ya alumini hulegea ukipasha alumini inayoizunguka. Angalia lakini: alumini haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kukupa habari. Pasha kwa kiasi.

Huna mtungi wa gesi? Chukua kipande cha nondo, kipashe kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, kisha kigandamize juu ya nati. Rudia mara mbili au tatu. Nati ikiwa ya moto bado, igusishe mshumaa. Nta itayeyuka na kuvutwa ndani ya meno, nayo huteleza vizuri kabisa. Usimwagie maji bolti iliyo nyekundu. Inaweza kuwa ngumu na kuvunjika kama kioo, hata keekee isiitoboe.

Moto huu una mipaka. Usiulete karibu na tangi la petroli, kabureta, betri, mpira wa breki wala mahali ulipomwaga mafuta sasa hivi. Futa kwanza. Na usipashe nati ya gurudumu lenye tairi iliyojaa upepo. Tairi linaweza kupasuka na kuua mtu. Kwa malori yenye rimu ya vipande, toa upepo wote kabla ya kugusa bolti zinazoshika vipande hivyo.

PEMBE ZIMEKWISHA

Ikiwa kichwa kimekuwa mviringo, usiendelee kuteleza juu yake. Chukua tupa, chonga pande mbili zinazotazamana mpaka spana ndogo zaidi ikae kwa kubana. Kichwa cha 13 unakifanya 12. Kama kichwa kimetokeza vya kutosha, weza pia kukata mfereji kwa msumeno wa chuma, ukatumia bisibisi pana. Njia nyingine ni tindo: liweke ukingoni mwa kichwa, kwa mshazari, ligonge kuelekea upande wa kufungua.

Fundi wa kuchomelea akiwepo, aweke nati nyingine juu ya kile kichwa na kuichomelea kwa ndani. Hii kwangu ndiyo njia bora kuliko zote. Inakupa pembe mpya, na joto lake lenyewe hulegeza kutu. Ondoa waya wa betri kabla hajaanza.

Hapo kwenye tindo nina neno. Miaka iliyopita niligonga tindo kuukuu ambalo kichwa chake kilikuwa kimechanua. Kipande kidogo kama punje ya mtama kiliruka na kuingia jichoni. Mwenzangu alitaka kukitoa kwa ncha ya kitambaa. Nilikubali, na hilo lilikuwa kosa la pili. Jicho hilo sasa linaona ukungu tu. Tindo lililochanua linolewe kwanza kichwani mpaka liwe sawa. Vaa miwani. Kitu kikikuingia na kuchoma jicho, usisugue, usikitoe mwenyewe. Lifunike bila kulibana uende hospitali. Kwa sisi wa huku Ndolage si mbali.

SKRUBU ZA MSALABA

Skrubu za msalaba huharibika upesi. Sababu moja ni kwamba misalaba haifanani. Skrubu nyingi za Kijapani zina msalaba wa namna yake, na mara nyingi utaona kidoto kimoja kichwani. Bisibisi ya kawaida huingia lakini haifiki chini, basi hupanda na kula kingo. Tafuta bisibisi inayojaza msalaba wote. Iweke, ipige nyundo mara moja au mbili kwa juu, kisha zungusha huku ukigandamiza kwa uzito wa mwili. Nguvu nyingi iwe ya kusukuma, ndogo ya kuzungusha. Ikianza kuteleza, weka kipande cha mpira wa tyubu kati ya bisibisi na skrubu, au paka ncha udongo wa kusagia vali. Iko pia bisibisi ya kugonga, inayozunguka yenyewe ukiipiga nyundo. Mwenye karakana akipata hela, anunue hiyo kabla ya redio.

BOLTI IMEKATIKA NDANI

Hapa usikimbilie. Kama kipande kimetokeza, kishike kwa jiliwa ya mkono, au kichomelewe nati. Kama kimekatika ndani, lazima kutobolewa.

Kwanza weka alama katikati kabisa kwa senta panchi. Tazama kutoka pande mbili. Alama ikikosea milimita moja, tundu litakwenda upande, nayo keekee hupenda kukimbilia alumini kwa kuwa ni laini kuliko chuma. Anza na ncha ya milimita 3, polepole, ukitia oili. Kisha 5. Kwa bolti ya milimita 8 unaweza kwenda mpaka 6.5. Hapo unabaki na ganda jembamba, ambalo huchokonolewa na kukunjwa kwa ndani.

Viko vyuma maalumu vya kutolea, vyenye meno ya kinyume. Vinafanya kazi, lakini ni vigumu na vyepesi kuvunjika. Kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haitakitoboa. Kwa hiyo kama bolti yenyewe ilikatika kwa sababu ya kutu kali, usikitegemee bila kupasha moto kwanza.

Meno ya tundu yakiwa yameharibika, fundi anaweza kukata meno mapya ya bolti nene zaidi, au kuweka koili ya meno ili bolti ya zamani itumike. Usikubali kufungiwa kwa msumari, waya au gundi kwenye breki, usukani au gurudumu. Hata kama ni "mpaka kesho tu". Mteremko wa kushukia Muhutwe hausubiri kesho.

EKSELI YA YULE KIJANA

Tulianza kwa tupa. Tulichonga ule uyoga pande zote mpaka ncha ikawa nyembamba kuliko tundu. Kazi hiyo peke yake ilichukua saa nzima, na kijana ndiye aliyechonga. Tukatia mafuta pande zote mbili, tukaacha usiku. Asubuhi tulishika kichwa cha ekseli kwa spana, tukaizungusha kidogo kushoto na kulia mpaka ikaanza kucheza. Kisha tukaisukuma kwa chuma chembamba kuliko ekseli, tukigonga kwa nyundo nzito, mapigo machache. Ikatoka, imevaa kutu nyekundu kama udongo wa barabarani.

Angefanya nini siku ya kwanza? Angerudisha nati mpaka iwe sawasawa na ncha ya ekseli, aweke kipande cha mti mgumu juu yake, ndipo agonge. Nati ingelinda meno. Mwenye baiskeli afanye hivyo hivyo anapotoa kotapini ya mkono wa pedeli.

Ekseli mpya tuliipaka grisi nyembamba kabla ya kuirudisha, ila tuliangalia grisi isiguse viatu vya breki. Nati tuliianza kwa vidole. Nati isiyokubali vidole imekaa upande, hiyo itoe uanze tena. Kwa nati za magurudumu ya gari, safisha meno lakini usipake grisi mahali nati inapokalia rimu. Zikaze kwa kuvuka, moja na ile inayoielekea, na uzikague tena baada ya kilomita 50 au 100.

Kijana alimaliza deni la hesabu baada ya wiki tatu. Siku hizi, kila anapobadilisha oili, huifungua ekseli, huifuta, huipaka grisi na kuirudisha. Inamchukua dakika 20. Spana malaya bado anayo, lakini ameifunga kwenye kiti kwa kamba ya mpira na anasema ni ya kukaza mabomba ya maji nyumbani.